Plagi za Kukulia

Nikinusa plagi iliyolowa petroli, vidole vyangu vya miguu hujikunja vyenyewe, kama vinatafuta mwisho wa kiatu.

Asubuhi ile ya baridi kule Kilolo, shangazi alikuwa ameshakaa na shela lake ndani ya gari la baba, akisubiri kupelekwa Ipogolo kuolewa. Baba alikuwa amefunga plagi mpya kwenye injini, alizozichagua mwenyewe mjini. Akazungusha hendeli ya kuwashia, mbele ya gari. Ikafika nusu, ikalia ko! Ikagoma.

Mama akafungua plagi moja, akailinganisha na ya zamani.

"Baba watoto, hizi mbona ndefu? Zinagonga huko ndani!"

"Nimechukua ndefu kidogo," baba akasema. "Za kukulia."

Ndivyo alivyoninunulia viatu: alipima mguu wangu kwa kijiti, kisha akaongeza vidole viwili.

"Mtoto anakua. Gari nalo linakua?" mama akauliza.

"Kaka," shangazi akaita kutoka ndani, "mimi ndiye nitakayezeekea humu!"

"Basi zitie matambara," mama akasema, "kama viatu vya mwanao."

Baba akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu. Kisha akavua washa, vile vipete vya shaba, kwenye plagi zote za zamani, akazivika zile mpya shingoni ili zisizame sana. Hendeli ikazunguka, gari likanguruma, shangazi akaolewa.

Plagi zile zilidumu miaka. Viatu vyangu vilitoboka soli kabla mguu haujafika mbele, na baba akaenda mjini na kijiti kingine, kirefu zaidi.