Rangi Mbili ya Susu

Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, aliniita "mume wangu" tangu utotoni, kwa kuwa nilipewa jina la babu. Ulikuwa utani, na kila mara alicheka. Nilijua akili yake imeanza kuteleza siku aliponiita hivyo bila kucheka, kisha akanigombeza kwa kuuza fahali ambaye babu alimuuza kabla sijazaliwa.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule nikachunga mbuzi wa watu hapa Mutomo ili wadogo wangu wasome. Hatukubaki hata na picha moja. Sauti za wazazi wetu, vituko vyao, vyote vilikuwa kichwani mwa Susu.

Basi dada yangu mdogo aliposikia redioni kwamba watafiti wanajaribu antibiotiki kulinda ubongo usizeeke vibaya, alikwenda dukani akanunua rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki vyenye unga ndani na ganda la rangi mbili. Kwetu dawa hiyo ni ya kila kitu: kikohozi, kidonda, na hata kuku wakisinzia tunaifungua ndani ya maji yao.

"Susu, meza. Ni ya kichwa."

"Hiyo ni ya kuku," Susu akasema. "Mimi nimetaga lini?"

Tulicheka, lakini dada yangu hakuiweka chini. "Kaka, unataka tukae tu tukimwangalia akipotea?"

"Hapana. Kesho tunampeleka hospitali, tuulize kwanza."

Daktari hakutudharau. Alisema ni kweli utafiti upo, na baadhi ya dawa hizo zimeonyesha dalili nzuri kwa panya wa maabara, lakini kwa binadamu bado haijathibitishwa. Tukimpa rangi mbili kila siku, vijidudu vitaizoea, na siku akishikwa na nimonia dawa itashindwa kazi. Alimpima, akasema usahaulifu huenda ukaongezeka polepole. Tuzungumze naye sana.

Dada yangu alilia njiani. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Kila jioni, tukibambua mbaazi, namuuliza Susu jambo moja kuhusu wazazi wetu, naye dada anamrekodi kwa simu. Siku nyingine hakumbuki. Kesho yake nauliza tena.

Jana alisema mama aliimba kanisani kwa sauti kubwa kuwashinda wote, na hakujua kuimba hata kidogo; mchungaji alikuwa akimwombea koo.

Hilo hatukuwa tunalijua.