Kiatu cha Koko

Juzi nilimkuta binti yangu akisukuma kiatu cha mgeni wetu chini ya kabati, na harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga ikanirudia puani.

Jumapili ile ya utoto wangu koko, bibi yangu, mama yake papa, alikuwa ametoka kisiwani Idjwi na kapu la mananasi. Nyumba nzima ilicheka. Maman alicheka pia, lakini kila mara alisema anaenda kugeuza samaki, kisha akaingia chumbani. Nilimchungulia. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimeinama. Nilidhani anasali. Kumbe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anaandika rapport, ripoti ya kazi, ambayo wakubwa wake waliitaka kesho yake asubuhi.

"Boti ya mwisho inaenda saa ngapi?" alimnong'oneza papa, mara ya tatu.

Nilidhani anaogopa koko atatuacha. Basi nikafanya kile sisi watoto tulichomfanyia kila mgeni tuliyempenda: nilificha kiatu chake kimoja ili asiende.

Walikitafuta mpaka honi ya boti ikalia ziwani. Koko akapiga makofi. "Mutoto amenikataza kuenda! Nitabaki siku tatu."

Maman alicheka kuliko wote. Baadaye nilimkuta jikoni akifuta macho. "Ni moshi," alisema. Lakini jiko lilikuwa baridi, makala yalikuwa yamezimika zamani.

Mgeni wa juzi ni maman mwenyewe. Alikaa pale, mguu mmoja mtupu, akinitazama nikicheka kwa nguvu.

"Kumbe na weye uko na rapport," alisema.