Breki ya Mkono ya Bayumi

Kwetu mtaani Shubra, ukiegesha gari ukamzibia mwenzako, unaacha breki ya mkono imelegea ili alisukume, atoke. Bayumi, dereva wa basi, aliivuta ya gari lake mpaka mwisho. Kukaa saa kumi na mbili kila siku kwenye foleni, honi, moshi na sigara kulikuwa kumempandisha presha. Mimi ndiye niliyempima, kwenye duka langu la dawa.

"Daktari, dawa yangu ni watu waniache nipumue."

"Kapumulie kijijini kwenu! Hapa meza vidonge!"

Hakumeza.

Asubuhi moja, kutoka dirishani ghorofa ya saba, alimwona Lutfi, fundi bomba, akihangaika kulisukuma gari la Bayumi lililomzibia. Alishuka ngazi mbio na nguo za kulalia. Alimtwanga Lutfi ngumi ya mdomo, akamgongesha kichwa kwenye boneti mara mbili, damu ikaruka mpaka kwenye kioo.

"Gusa tena, mbwa wewe! Gusa!"

Akainua mkono tena. Haukushuka. Alishika kifua, akaanguka kama gunia, uso rangi ya majivu.

Gari la karibu la kumpeleka hospitali lilikuwa la Lutfi, nalo limezibwa. Funguo za Bayumi zilikuwa juu, nyumbani kwake. Lutfi akaokota tofali, akavunja kioo cha gari la Bayumi, akapenyeza mkono kwenye vigae vya kioo, akashusha breki.

"Sukumeni!"

Bayumi akafumbua jicho moja. "Nitakuua, Lutfi."

Lutfi akatema jino. "Utaniua. Pona kwanza."