Bomoa na Mbuzi Arobaini na Mmoja

Kazini walimwita Bomoa, na si kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa majengo, mtu wa futi kamba kiunoni na kopo la rangi nyekundu mkononi. Akichora X ukutani, mwenye nyumba hupoteza hamu ya kula siku tatu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amekutana na jengo likamfurahisha. Hata siku ya harusi yake aliukodolea macho ufa wa dari la ukumbi, bibi harusi kasimama hapo anangoja naye atazamwe.

Bibi harusi huyo sasa ni muuguzi mwenye zamu za Jumamosi. Jumamosi moja asubuhi, akifunga viatu aende kazini, alitoa amri.

"Baba watoto, leo unacheza na wanao. Ile gemu yao. Na si kukaa pembeni na simu."

"Mimi? Nina ripoti ya kumaliza."

"Ripoti haitakuita baba."

Basi akaketi mkekani, kushoto kifungua mimba wake wa miaka kumi na moja, kulia kitindamimba wa miaka saba, akakabidhiwa pedi ya kuchezea. Kwenye runinga kulikuwa na bonde zima: vilima, msitu, mto, na mbuzi wa kila rangi ambayo Mungu hakuwahi kuwapaka mbuzi.

"Haya, kazi yenyewe ni ipi?"

"Hakuna kazi, baba," akasema mkubwa. "Unafanya unachotaka. Unavua samaki, unapanda maboga, unajenga. Au unatembea tu."

"Natembea kwenda wapi?"

"Popote."

Msomi wetu mwenye vyeti vinne ukutani alitumia dakika kumi kugonga mti uleule kwa paji la uso. Akahangaika na vidole, akaishia kutazama juu. "Baba, hilo ni anga," kitindamimba akamjulisha kwa upole, kama anayemwongoza mgonjwa.

Ndipo akaiona nyumba yao. Walikuwa wameijenga miezi mitatu: ghorofa saba zimeinama upande mmoja, jiko linaning'inia hewani, ngazi inapanda hadi juu kabisa kisha inaishia huko, haina habari na mtu. Nyuma yake, ukuta mrefu wa mawe usio na faida yoyote aliyoweza kuiona. Moyo ukamwenda mbio. Hatimaye, kitu anachokijua.

Mkubwa alikwenda jikoni kunywa maji, mdogo akaenda kujisaidia. Mtaalamu akabaki peke yake na nyundo ya gemu.

Ule ukuta, kumbe, ulikuwa umezuia ziwa.

Waliporudi, ghorofa saba zilikuwa zinasafiri mtoni na maboga yake. Gemu yenyewe ni ya kifamilia, humo hakuna kufa. Kwa hiyo mbuzi arobaini na mmoja walikuwa wanaelea tu kuelekea upeo wa macho, wakitabasamu. Kitindamimba akaangua kilio, akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Mkubwa hakulia. Alimtazama baba yake, kisha akauliza taratibu:

"Baba, ulikuwa na kibali?"

Miaka kumi na tisa ameuliza watu swali hilo. Hakuwahi kujua linavyochoma.

Hukumu ilitolewa papo hapo: arudishe mbuzi wote. Akaapa kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Ikamchukua wiki tano. Alimpata wa zambarau juu ya theluji, wa kijani ndani ya pango, mapacha wa rangi ya chungwa kwenye kisiwa ambacho ilibidi kwanza ajifunze kuunda mashua, na mashua tatu zikazama. Akawa na daftari. Ofisini, kwenye kikao cha mifereji ya maji machafu, jirani yake wa kiti alimsikia akinong'ona, "Wa buluu atakuwa nyuma ya maporomoko," akaamua kutouliza.

Mbuzi wa mwisho aliitwa Shangazi, kwa sababu, kitindamimba alieleza, hapendi kuharakishwa. Walimkuta Jumapili moja mchana ukingoni kabisa mwa ramani, anakula nyasi kana kwamba hakuna aliyewahi kusumbuka kwa ajili yake. Mtoto alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Bomoa naye, atakana akiulizwa, alipiga kelele zaidi.

Akamfunga Shangazi kamba, safari ya kurudi ikaanza. Ilikuwa ndefu mno: msitu, mto, vilima vitatu, na mbuzi mwenyewe anasimama kwenye kila kichaka. Kitindamimba alikuwa amemlalia baba yake pajani, macho kwenye runinga.

"Baba," mkubwa akasema, "kuna kitufe cha kukufikisha nyumbani mara moja. Bonyeza hicho cha juu."

"Nakijua," akasema baba yake, akaendelea kutembea.