Kabla ya Kuchapa, Msomee Mwenyewe

Bado naikumbuka siku ile mwanafunzi mwenzangu Neema aliponirudishia makala. Mwanangu, wewe unayekabidhiwa jarida la saikolojia la wanafunzi wenzako hapa Kampala, tulia kidogo nikusimulie. Kuuliza si ujinga, na kwa maswali najua hujambo.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, mhariri mkuu mwenye kiherehere kama chako. Desturi yetu ilikuwa kwamba kila makala isomwe kwanza na wanafunzi wawili wasioambiwa nani kaiandika. Makala aliyonirudishia Neema ilihusu wanawake waliokimbia vita Kongo na namna wanavyoishi na msiba. Iliandikwa vizuri mno, nami nilishaitengea kurasa za mwanzo. Nikampa Neema, Mkongo mwenyewe, maana nilitaka sana kujua ataionaje.

"Huyu mama anayeuza mukene, hawa dagaa, soko la Ggaba, mwenye kovu shavuni, ni mama yangu," aliniambia. "Sikujua kama nilikuwa na kaka aliyefia njiani."

Niliisoma upya. Jina lilifichwa, lakini dagaa, soko na kovu vilikuwa pale pale, na Ggaba nzima ingemtambua. Naye mama alikubali kuhojiwa kwa ahadi kwamba hatajulikana! Mwandishi akasisitiza tuchape hivyo hivyo, eti tukipunguza, utafiti utapoa. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulikwenda kwa mama huyo, Neema na mimi. Neema alipomwambia alichosoma, mama alilia, akamkumbatia bintiye, nami nikatazama chini. Baadaye nikamwuliza kwa woga kama tuitupe makala yote.

"Hapana, mutoto wangu," akasema. "Mutoe samaki, mutoe kovu. Ile kulia muache. Iko ya wamama wengi."

Tukafanya hivyo, tukamsomea yote kabla ya kuchapa. Wala haikupoa.

Basi mwanangu, dadisi, chimba, uliza mpaka wakuchoke. Ila usidhani kufuta jina ndiko kumficha mtu. Mrudie mwenye habari, umsomee kwa lugha yake. Kisha uisome upya kana kwamba wewe ni mwanawe, na panapokuchoma, futa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kusitiri, na wanaokukabidhi machozi yao wasijute kamwe.