Sufuria ya Mbwa

Mimi sijawahi kumchemshia mke wangu chai, lakini mbwa nampikia. Watu wa mtaa wetu hapa Migori wanalijua hilo na wamenicheka mpaka wamechoka. Siku ile mbwa alipoletwa, mke wangu, ambaye ni mwalimu kule Uriri, aliniambia bila kupepesa macho, "Mimi niliolewa nipike chakula cha watu. Cha mbwa, jipikie." Basi najipikia. Nikiamka nawasha jiko la makaa kwenye baraza la nyuma, nateleka sufuria kuukuu iliyovunjika mkono mmoja, na ndani yake naweka mgongo wazi.

Kwa asiyejua, mbuta akivuliwa ziwani hupelekwa kiwandani, minofu ikatolewa ikaenda kwa wenye pesa. Kinachobaki ni kichwa, mkia, na uti wa mgongo wenye vijinyama vilivyoponea kisu. Huo ndio mgongo wazi. Akina mama huununua, huukaanga na kuuuza sokoni, na ndio samaki wa mtu ambaye samaki hajamfikia. Mimi nanunua mbichi. Nachemsha bila chumvi mpaka mfupa usagike kwa vidole, kisha nasonga na unga. Aliyeniuzia mbwa aliniambia manyoya yatang'aa, na kweli yaling'aa. Wapita njia walisimama getini kumtazama. Nami nikasimama nyuma yake, kifua mbele, utadhani ni mimi niliyeota manyoya.

Nilisema nafuga mbwa kwa sababu ya wezi. Ni kweli, duka langu la vifaa vya umeme lilivunjwa. Lakini mwizi hajali kama mbwa anang'aa. Nilimlisha vile ili watu waseme, yule bwana ameshiba mpaka mbwa wake ameshiba. Kule sokoni, mama muuzaji alikuwa akiniuliza, "Ya watu au ya mbwa?" Nami nilikuwa najibu kwa sauti, "Ya mbwa!", huku wanawake waliosimama kando yangu wakichagua cha kulisha watoto wao. Na bado nilikuwa nachambua ile yenye nyama. Haki ya Mungu, nikikumbuka hilo masikio yanawaka moto.

Kwa sababu huo mgongo wazi ndio ulionilea. Baba alipokufa, mama alibaki na sisi kule Kendu Bay, na kila jioni alirudi na karai kichwani. Aliukaanga mpaka ukawa mkavu, akautia nyanya na kitunguu, tukafyonza vichwa mpaka midomo ikawasha. Mbwa wetu wa nyumbani alikaa mlangoni akingoja. Mama alikuwa na sheria yake, na hakuna aliyeivunja: mbwa hula baada ya mtoto wa mwisho kunawa mikono. Alipata ukoko wa ugali na mifupa tuliyokwisha kuimaliza sisi. Shuleni wenzangu wakiniuliza nimekula nini, nilisema nyama. Nilianza kuukana mgongo wazi mapema.

Mwaka jana mama alianguka jikoni kwake. Presha ilipanda, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Daktari akasema asikae peke yake, na dawa anywe kila siku, si siku anayokumbuka. Mimi ndiye kitinda mimba, na ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo nikaenda kumwomba aje akae kwangu. Yawa, kazi ilikuwa hapo! Kwa mila yetu mama halali kwa mwanawe. Nikamwambia nyumba ya kupanga ya mjini haihesabiwi boma, wazee wenyewe wanakubali. Akasema kuku wake. Nikasema kuku watachungwa na jirani. Mwishowe akasema, "Nitakuja nione. Nikiweza kula kwako, nitakaa. Nikishindwa, usinishike."

Nilidhani ni maneno tu ya kizee. Kumbe alimaanisha hivyo hivyo.

Alipofika tulimkaribisha kama waziri. Kuku, chapati, wali wa nazi ambao mke wangu alifundishwa na jirani yetu Mwislamu mwenye duka la vitambaa. Mama alikula kidogo kidogo, akishukuru kila tonge, halafu akisukuma sahani. Alikaa kwenye kiti pembeni kama mtu anayengoja kuitwa ofisini, na baraza la nyuma hakulikanyaga. Dawa alikunywa. Lakini nilimwona akiangalia begi lake. Nilijua akirudi Kendu Bay, siku ya kuanguka tena huenda jirani asihitaji moto.

Siku moja nilirudi kula chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa shuleni Uriri. Nilipofungua mlango nikakutana na harufu iliyonirudisha utotoni: kitunguu, nyanya, samaki aliyeiva sawasawa. Mama alikuwa amefunga leso kiunoni, uso umechangamka, anaimba wimbo wa kanisani. Mezani kulikuwa na ugali. Na kando ya ugali, juu ya kitambaa cheupe cha mke wangu, kulikuwa na ile sufuria nyeusi yenye mkono mmoja.

"Wuoda," akaniita, yaani mwanangu. Mimi na yeye huongea Kijaluo tu. "Kaa ule. Nimeikuta jikoni baraza la nyuma, inachemka taratibu, haina hata chumvi. Nikasema, mwanaume ni mwanaume tu, angalau amekumbuka. Nikamalizia."

Nikakaa. Yeye alikuwa amekwisha kuanza kula. Alikula kama mtu aliyefungua kwaresima, akifyonza kila pingili na kuweka mfupa pembeni ya sahani kwa mpango. Nami nilikula. Ulikuwa mtamu.

"Nilikuwa nimekata shauri niende Jumamosi," akasema. "Hivi vyakula vyenu vinanifanya niwe mgeni. Lakini mtu anayekumbuka kilichomlea, kwa huyo naweza kukaa. Mwambie mkeo nitakaa."

Jamani, nilifurahi! Aibu ilikuwa imenishika shati, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nikajiambia, nyamaza. Kesho utanunua sufuria nyingine, mbwa atakula matumbo, na siri itazikwa. Nilikuwa hapo, nazika, mlango wa nyuma ukasukumwa.

Mbwa wangu ana tabia moja niliyomfundisha mwenyewe na kujivunia kwa kila mgeni. Saa yake ya kula ikifika, huleta bakuli lake kwa mdomo. Aliingia nalo, akaliweka miguuni pangu, akaketi. Hakunitazama mimi. Aliitazama sufuria.

Mama akacheka. "Tazama huyu, ana akili!" Akainama kuliangalia bakuli. Ndani yake kulikuwa na unga uliokauka, na katikati ya unga, pingili za uti wa mgongo wa mbuta zilizoponea vidole vyangu, sawa kabisa na zile alizokuwa amezipanga pembeni ya sahani yake.

Kicheko kikakatika. Akaiangalia sufuria, ule mkono uliovunjika, ule weusi. Akanyanyua macho.

"Hii sufuria ni ya nani?"

"Mama..."

"Nimeuliza sufuria."

"Ya mbwa," nikasema.

Ningependa kusema nilimwomba radhi palepale. Sikumwomba. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, maana mama yangu alikuwa na mkono wa kofi enzi zake. Hakufanya hivyo. Alivuta sahani yake, akainamisha sufuria, akamimina vyote vilivyobaki kwenye bakuli, mchuzi na nyanya na kila kitu, polepole asimwage sakafuni.

"Pole, baba," akamwambia mbwa. "Nimekula chako. Leo kina chumvi, vumilia."

Kisha akaenda kunawa mikono.

Jumamosi alirudi Kendu Bay. Alimwambia mke wangu kuku wamemkosa. Mke wangu alipoujua ukweli alinigeukia. "Na ulinyamaza ukala naye?" akauliza. "Ungesema mlangoni, angecheka. Ungesema kabla hajatia tonge mdomoni." Akaingia ndani. Siku hiyo nililala na njaa, na hakuna aliyeninyima chakula.

Mbwa bado ninaye. Mbwa hana kosa. Sasa anakula ugali na omena zile za kulishia kuku, na manyoya yake yamefifia. Wapita njia hawasimami tena.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Miguu imevimba, na pakiti ya dawa niliikuta juu ya kabati karibu imejaa. Nilimsihi. Nilimwambia nimekosa, nikalitaja kosa lenyewe kwa jina lake, sikuzungukazunguka. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine. "Hayo yameisha," akasema. "Lakini nikienda, mbwa wangu atapikiwa na nani?" Sikujua kama ananicheka au anauliza kweli. Mbwa mwenyewe ni kimbwa kimoja cha manjano anachokifuga sasa, kimelala mlangoni, mbavu nje.

Akanitandikia meza sebuleni. Kitambaa kilichofumwa, glasi, soda. Akaniletea ngege mzima wa kukaanga, mkubwa, samaki ambaye hakuwahi kutununulia tulipokuwa wadogo hata siku ya Krismasi. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kwa birika, kama wanavyonawishwa wageni.

"Na wewe?"

"Nimeshakula. Wewe kula."

Alitoka. Nilimega tonge moja, nikalirudisha sahanini. Nikainuka nikamfuata jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, sahani mapajani, mgongo wazi juu yake, na mbwa wake mbele yake akingoja zamu. Aliponiona aliivuta leso akaifunika ile sahani. Mama yangu, nyumbani kwake, aliificha sahani yake kwangu.

Nikachuchumaa hapo majivuni na suruali yangu ya mjini. "Mama, nigawie."

Alinitazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira. Afadhali ingekuwepo.

"Acha, mwanangu, usijisumbue," akasema. "Hiki ni chetu mimi na mbwa. Rudi ndani ule samaki wako, atapoa."