Udongo Mwekundu kwenye Kapeti ya Dereva

Sisi tuliokulia Bagamoyo kabla ya mashine za kuoshea magari hatukujua kwamba kuosha gari ni kazi ya kumlipa mtu. Gari likifika nyumbani, watoto walikuwapo na maji ya kisima yalikuwapo, basi. Baba yangu alikuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja mwenye duka la mabati na saruji, na pikapu ile ililala uani kwetu. Kila Alhamisi alasiri mimi na kaka yangu Shabani tulizitoa kapeti zake mbili za mpira, ya dereva na ya abiria, tukaziosha. Kesho yake tajiri alipanda kwenda kusali Ijumaa, na kanzu yake nyeupe haikupatana na tope.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu, na ole wako uuruke. Kwanza kapeti inakung'utwa ikiwa kavu, kwa sababu ukimwaga maji kabla ya kukung'uta umejikorogea uji. Halafu kumbi la nazi na sabuni ya mche, unasugua mpaka mkono unakufa ganzi. Vile vijishimo vya kapeti vilichokolewa kimoja kimoja kwa kijiti cha fagio la chelewa. Kama tajiri alibebesha samaki wiki ile, tulikamulia ndimu. Mwisho inaanikwa kivulini, maana mpira ukipigwa na jua hukunja pembe kama chapati iliyosahauliwa motoni, na dereva akija kukwaa kiatu pale wakati wa kukanyaga breki, hilo ni jambo jingine. Baba alipenda kusema, "Gari huzeeka kuanzia miguuni." Watoto wa siku hizi ukiwaambia walete kumbi la nazi wanakuuliza ni programu gani ya simu.

Shabani aliichukia kazi ile kwa moyo wote kwa kuwa ilimchelewesha mpira. Mimi niliipenda kwa ajili ya kile kilichodondoka. Kulikuwa na mchanga mweupe wa pwani, na matope ya kijivu yenye magamba kutoka soko la samaki, na vumbi la Kerege lenye vikokoto vinavyong'ata kidole. Kila aina niliiweka kwenye kizibo cha soda, nikavipanga vizibo dirishani, na baba akirudi nilimsumbua aniambie kila kimoja kimetoka wapi. Shuleni mwalimu alichora ramani ya Mkoa wa Pwani ubaoni. Nikanyoosha mkono kuuliza kule juu ardhi ina rangi gani. Akaniambia nikae chini. Nilikaa, lakini nadhani siku ile ndiyo niliyoacha shule, ingawa miguu yangu iliendelea kwenda mpaka darasa la sita.

Sasa, mwanzoni mwa mvua za mwaka mmoja, kapeti ya dereva ilirudi na udongo mwekundu. Ulinata, tena ndani yake mlikuwa na mbegu ndogo bapa, nyeupe, kama chawa wa kuku. Nilimuuliza baba. Akasema Kerege. Kerege niliijua, ilikuwa dirishani kwenye kizibo cha tatu. Akaniagiza niioshe vizuri nisibakize hata chembe, akaenda kutawadha. Niliiosha. Chembe nilizibakiza, kwenye kizibo.

Asubuhi mama alipofungua dirisha akauona. Aliuchota kidogo, akaufikicha, akaunusa. Wallahi, aliugusa na ulimi. Akasema polepole, "Huu wa kwetu."

Kwao mama ni Miono, na alikuwa hajakanyaga huko miaka kumi na mmoja, mingi kuliko umri wangu. Baba yake alifariki mapema, na katika watu wake mjomba ndiye mwenye neno juu ya binti. Baba yangu alipopeleka posa, watu wa Bagamoyo walimfuata baba mdogo wa mama, kama wanavyofanya pwani. Mjomba hakuitwa. Ndoa ikafungwa. Mjomba akasema binti amejipeleka kwa mtu asiye na shamba, mwenye usukani tu, na huo usukani wenyewe si wake. Akaapa kwamba mpaka yeye mwenyewe amwite, mlango wa nyumba yake haumfungukii. Na pale ndipo alipokuwa akiishi bibi yangu, mama yake mama. Habari zake zilitufikia kwa wauza mkaa: anakohoa, sasa haoni vizuri, sasa anashikwa mkono.

Mwanamke akiuona udongo wa kwao kwenye gari la mume anayesema alikwenda Kerege, anawaza nini? Mama aliwaza hivyohivyo. Kuongezewa mke mwenzio ni mtihani, lakini kuongezewa kutoka kwenu, na ndugu wakale pilau ya harusi ile nawe hujui, hayo ni mazishi. Alikuwa anakuna nazi, hakuniangalia. Akaniambia Alhamisi ijayo nisiguse kapeti mpaka yeye azione. Baba naye, asubuhi ya Alhamisi hiyo, akaniambia nizioshe kabla yeye hajavua viatu.

Mtoto mmoja, amri mbili. Siku ile sikukaa mahali. Nilikwenda ufukweni nikarudi, nikaenda kisimani bila ndoo. Nilipopita chumbani nikaona kanga za mama, zile nzuri, zimefungwa kwenye mtandio, fundo limekazwa. Nikajua kwamba jioni ile tunaweza kubaki nyumba isiyo na mama.

Baba alifika alasiri, akaketi kizingitini na viatu vyake bila kuvivua, mtu aliyechoka kabisa. Nikazitoa kapeti nikazilaza chini. Shabani alikuwa tayari ameinua ndoo, ana haraka na mpira wake. Niliudaka mkono wake na maji yakamwagikia miguuni mwake, akaniita kichaa wa udongo. Mama akatoka jikoni. Akasimama juu ya kapeti ya dereva. Ilikuwa nyekundu tupu, unene wa kidole.

Ningenyamaza pale, sijui ningekuwa nani leo. Lakini mimi nikiona kitu lazima nikiseme.

"Mama," nikasema, "ya abiria haina kitu."

Kweli haikuwa na kitu. Mchanga wetu wa mjini tu, uleule wa nyayo za tajiri. Angepakiwa mtu yeyote kule angeacha nyayo zake. Mama aliitazama ile kapeti ya pili kwa muda mrefu kuliko ya kwanza. Kisha akaenda kizingitini.

"Baba Shabani," akasema, sauti ya kawaida kabisa, "kwetu unakwenda peke yako kufanya nini?"

Baba alifungua viganja akavigeuza juu. Vilikuwa vimechubuka, malengelenge mengine yamepasuka.

"Nalima shamba la mjomba wako. Leo Alhamisi ya sita. Bado hajanikaribisha hata maji."

Mengine aliyatoa kwa vipande. Tajiri alikuwa amempa ruhusa, na hakuna mwingine aliyejua. Mjomba alimwambia kama anataka kuondoa kosa, alime kama anavyolima mkwe, tangu kufyeka mpaka kuvuna ufuta. Na mke asijue. Alitaka kuona kama mtu wa usukani anaweza kufunga mdomo. Mke akijua kabla ya mavuno, maneno yamekwisha. Zile mbegu za kizibo changu zilikuwa ufuta uliomwagika siku ya kupanda, Alhamisi ya tano; kabla ya mvua udongo ule haukunata viatuni.

Akanigeukia. Heri angenipiga. "Tatu," akaniita kwa jina langu, "umeniharibia kazi."

Alimwomba mama wafanye kama hajajua kitu. Miezi mitatu tu, amalize. Mama alikuwa amekaa chini, analia bila sauti, ameshika kiganja kimoja cha baba. Lakini aliposema, alisema kavu: "Miaka kumi na mmoja nimenyamaza. Mama yangu hana miezi mitatu ya kunisubiri."

Jumamosi tulikwenda. Mama alikaa upande wa abiria na mimi katikati. Mjomba alikuwa mlangoni kwake. Aliiona pikapu, akamwona aliyeshuka, akaingia ndani akafunga. Alishika neno lake, na baba hakupata salamu yake mpaka mzee yule anaingia kaburini. Ufuta ule ulivunwa na wengine. Ila bibi aliletwa nje kwa mlango wa uani ameshikwa mkono, akampapasa mama uso kama anavyopapaswa mtungi kutafutwa ufa, halafu wakakaa mkekani nyuma ya jiko mpaka alasiri ikapita. Waliyozungumza siyajui. Nilikuwa nachimba ardhi kwa dole gumba la mguu.

Ufuta ulikuwa bado kijani bibi alipofariki. Mama alikwenda kumwosha, na safari hiyo hakuomba ruhusa kwa mtu.

Aliniambia mara moja tu, nikiwa mkubwa: "Ungenyamaza, ningemkuta kaburini." Lakini baba, tangu wiki ile, kila Alhamisi alizitoa kapeti mwenyewe, akazikung'uta na kuziosha mwenyewe, ametupa mgongo. Shabani alifurahi sana. Mimi nilivumilia mpaka miaka kumi na minne, nikapanda lori la mkaa lililokuwa likirudi Handeni. Baada ya Handeni ikawa Tanga, Kilwa, Tabora, Mpanda. Nimeuza vitumbua, nimepika kambi za barabara, na sijapata kukaa mahali miaka miwili. Baba alifariki nikiwa Mpanda.

Sasa nimepanga chumba Kerege, mkabala na vijana wa kuosha magari. Wana mashine inayopiga maji kama imegombana nayo, na kapeti inamalizika kabla hujapiga chafya. Juzi liliingia gari lenye udongo mwekundu mpaka kwenye pedali. Nikavuka barabara, nikamuuliza kijana limetoka wapi. Akaniambia, "Maza, huo uchafu tu," akaupeleka mtaroni, macho yake yakiwa kwenye simu.

Simlaumu. Simu hiyo ingetuokoa mengi. Mama angemwona bibi kwenye kioo kila jioni, mjomba angetolewa kwenye kundi la ukoo na mambo yangeendelea. Baba angepigiwa njiani aulizwe yuko wapi, na Alhamisi ya kwanza tu angelazimika kusema. Watu wa leo hufika upesi na hujulikana walipo. Mimi nami nimefika kwingi, na wanaume wawili watatu wamenitumia ujumbe mtamu saa ileile walipolikumbuka jina langu. Lakini hakuna aliyenilimia Alhamisi sita bila kuniambia, na kwa enzi hizi hata angetaka, sijui angejificha wapi.